Kupima asetilikolinesterasi kwenye ubongo wa kiinitete cha kuku

Niuroni (seli ya neva) ikishamwaga asetilikolini, ambayo ni nyurotransmita, yaani kemikali ya kupeleka ujumbe, kimeng'enya cha asetilikolinesterasi ndicho kinachoivunja. Katika njia ya Ellman (1961) tunakilisha asetilithiokolini badala yake. Ikivunjwa, inatoa thiokolini inayoibadilisha DTNB (kemikali ya kuonyesha rangi) kuwa njano, na njano hiyo inasomwa kwa spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, kwenye nm 412. Njia ni nyepesi, ila ubongo mchanga una mitego.

1. Mayai. Ya trei ya kuku wa kisasa huwa hayana mbegu, kwa hiyo nunua kwa mfugaji mwenye majogoo. Mashine ya kutotolesha iwe 37.5 °C, mulika siku ya 5 uondoe yasiyo hai. Toa ubongo siku ya 10, 14 na 18, kwa kibali cha kamati ya maadili.

2. Dawa. Bafa (mmumunyo unaotunza pH) ya fosfeti 0.1 M, pH 8.0. DTNB: mg 39.6 na mg 15 za sodiamu baikaboneti katika ml 10 za bafa ya fosfeti 0.1 M, pH 7.0, funga kwa foili. Asetilithiokolini iodaidi: mg 21.67 kwa kila ml 1 ya maji, itengenezwe siku ileile kwa sababu huvunjika yenyewe.

3. Kusaga. Mg 20 za ubongo kwa kila ml 1 ya bafa ya pH 8.0, juu ya barafu. Barafu ya soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, inatosha, mradi isiguse sampuli. Usitumie sentrifyuji: kimeng'enya kingi kimeshikamana na utando wa seli, utakimwaga pamoja na masimbi.

4. Kimeng'enya ndugu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Butirilikolinesterasi nayo huvunja asetilithiokolini, na kwenye ubongo wa kiinitete hutangulia kuonekana, seli zikiwa bado zinagawanyika. Usipoizuia, ubongo wa siku ya 10 utaonekana umekomaa kuliko ulivyo. Weka iso-OMPA, kizuizi cha butirilikolinesterasi, 0.1 mM kwenye sampuli, subiri dakika 30. Vaa glavu, ni sumu. Pima pia sampuli isiyowekwa; tofauti ya namba hizo mbili ndiyo sehemu ya ndugu huyo.

5. Kusoma. Kwenye kyuveti (kichupa cha kusomea) weka bafa ya pH 8.0 ml 2.6, sampuli ml 0.4, DTNB µl 100. Namba itapanda hata kabla ya asetilithiokolini, kwa kuwa glutathayoni ya ubongo nayo ina salfa huru inayoigeuza DTNB kuwa njano. Subiri itulie, kama dakika 5, ndipo uongeze asetilithiokolini µl 20. Soma kila dakika kwa dakika 5. Kyuveti isiyo na sampuli isomwe vilevile, mteremko wake utolewe.

6. Hesabu. Moli kwa dakika kwa gramu = 0.000574 × ongezeko kwa dakika ÷ mg za ubongo kwa ml. Ongezeko la 0.08 kwa mg 20 linatoa takriban mikromoli 2.3.

Joto la Dar lisipuuzwe. Maabara ikiwa 25 °C asubuhi na 32 °C mchana, kasi hupanda bila ubongo kubadilika. Kyuveti ziwe kwenye kishikio chenye joto moja, au sampuli za siku zote tatu zipimwe kwa mkupuo mmoja. Umeme ukikatika katikati, tupa usomaji huo.

Namba hii haipimi umwagaji wa nyurotransmita. Kiinitete huwa na asetilikolinesterasi hata kabla ya sinapsi (maungio ya niuroni) kuundwa. Umwagaji hupimwa kwenye vipande vya ubongo hai, kwa kuvichochea na potasiamu ya mM 50 penye kalsiamu na pasipo kalsiamu, huku kimeng'enya hikihiki kikiwa kimezuiwa kwa neostigimini, la sivyo asetilikolini huvunjwa kabla hujaipima.