"Kanyagia kidogo" ni kilo ngapi?

Ukiwa umevunjika mguu na mtaalamu wa fiziotherapia akakwambia "kanyagia kidogo tu", muulize hapohapo: kilo ngapi? Akisema 20, tuseme, weka mizani ya uzito sakafuni, mguu usiovunjika ukanyage ubao unaolingana nayo kimo. Shika magongo, bonyeza mguu mbovu taratibu mpaka mshale ufike 20. Rudia bila kutazama, kisha chungulia. Wengi hujikuta wamepitiliza. Mguu unaujua uzito kwa kuuhisi, si kwa kuambiwa. Ila unapotembea, hasa kwa haraka, mguu hubeba zaidi ya unaposimama. Mwenye ganzi ya nyayo, kama baadhi ya wagonjwa wa kisukari, njia hii haitamsaidia. Uliyeambiwa usikanyage kabisa, usijaribu.