Mahindi Yakigeuka Njano Baada ya Mafuriko, Usikimbilie Urea

Mvua iliyopiga bonde la Mkondoa usiku ule ilianza kama saa tatu, kwa upepo ulioezua mabati, na kabla ya saa sita mto ulikuwa umeshaingia mashambani. Sisi wa Kilosa maji ya ghafla tunayajua. Wengi bado wanakumbuka yale ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyoingia hadi mjini na kuibomoa reli upande wa kwenda Gulwe. Kwa hiyo sitaandika habari ya kuhamia mwinuko wala ya kutovuka mto uliofura. Ninaandika kwa sababu ya nilichokiona siku ya tatu, maji yalipokwisha kupungua.

Mahindi ya kimo cha goti yalikuwa yamegeuka njano, na karibu kila shamba nililopita kulikuwa na mtu na ndoo ya urea. "Bibi shamba, yana njaa haya," aliniambia mama mmoja huku anarusha mbolea kwa kiganja. Alikuwa amesimama kwenye tope linalofika vifundoni. Nilimwomba jembe, nikachimba pembeni mwa shina. Shimo la sentimita 15 lilijaa maji kabla sijainua mgongo. Udongo uliotoka chini ulikuwa wa kijivu, unanuka mayai viza. Mizizi ilikuwa ya kahawia. Nilipoivuta kwa vidole ngozi yake ilichunika yote, ikabaki nyuzi tupu. Na mfuko wa kilo 50 ulikuwa umekwisha, umeanikwa juu ya ua.

Mama huyo hakufanya uzembe. Alikuwa wa kwanza kuamka na wa kwanza kufika shambani, na fedha aliyonunulia mbolea ilikuwa ya akiba. Ndiyo maana kosa hili linaniuma: linawapata zaidi wakulima wenye bidii. Wiki mbili baadaye mahindi yake yalikuwa njano vilevile, na hela ya mfuko wa pili hana.

Sasa tuelewane kuhusu hiyo njano. Mzizi unapumua. Udongo ukitwama maji, hewa iliyomo ndani yake huisha ndani ya siku mbili hivi, na kwenye joto letu la masika huisha mapema zaidi. Mzizi uliokosa hewa haunyonyi kitu, hata kama mbolea imelala kando yake. Hindi linakuwa njano kwa sababu linazama, na ukilitilia urea ni sawa na kumwekea ugali mtu aliyekabwa koo. Mbaya zaidi, mbolea yenyewe haikusubiri. Ile iliyobaki juu ya udongo wenye joto na unyevu hupotea hewani, nyingine huondoka na maji yanayotiririka, na ile inayogeuka kuwa naitreti, yaani naitrojeni iliyo tayari kunyonywa na mzizi, ndani ya tope huliwa na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa, vikaigeuza gesi. Wanaoniambia "basi nitatia CAN", ile mbolea nyingine ya kukuzia, wanajidanganya vilevile: nusu ya naitrojeni ya CAN tayari ni naitreti, kwa hiyo katika udongo uliotwama hiyo ndiyo ya kwanza kupotea.

Kitu cha kwanza kushika baada ya mafuriko ni chepe. Chimba mitaro ya kina cha sentimita 30, ianzie pale maji yaliposimama na kuelekea upande ulio chini, ikaishie kwenye mkondo wa asili. Usiufungulie mtaro wako katika shamba la jirani. Kesi za namna hiyo nimezisuluhisha nyingi mno. Fanya kazi hii ukiwa pembezoni kadiri inavyowezekana. Shamba ambalo nyayo yako inaacha shimo linalojaa maji halijawa tayari kuingiwa na mtu, sembuse pawatila. Kila unapokanyaga unashindilia udongo ule ule ambao mzizi unatafuta hewa ndani yake, na palizi nayo isubiri.

Maji yakishaondoka juu ya ardhi, hesabu siku tatu hadi tano. Hesabu kuanzia siku maji yalipoondoka, si siku mvua ilipokatika. Watu wengi wanakosea hapa hapa: mvua imekoma Jumatatu, maji yametoka shambani Alhamisi, na Ijumaa mtu anasema siku zake tano zimetimia. Hazijatimia! Udongo wa mfinyanzi wa kule bondeni unaweza kudai hata wiki.

Siku hizo zikipita, usiniamini mimi wala kalenda. Chimba sentimita 15, chukua udongo wa chini, ufinyange uwe donge, kisha ulisukume kwa kidole gumba. Likivunjika vipande, udongo umepata hewa. Likirefuka kama unga wa chapati, rudi nyumbani, uje tena baada ya siku mbili. Jaribu sehemu tano za shamba, na mojawapo iwe ile ya chini kabisa.

Siku hiyohiyo ng'oa mashina mawili matatu kutoka sehemu tofauti, uyapasue katikati kwa kisu kuanzia juu hadi kwenye mizizi. Moyo wa shina ukiwa mweupe na mgumu, hindi ni zima. Ukiwa wa kahawia na unabonyea, limekufa hata kama majani bado yamesimama. Angalia kwa makini zaidi mahindi yenye majani chini ya sita, kwa sababu moyo wake bado uko chini ya ardhi, na yakifunikwa kabisa na maji ya uvuguvugu kwa siku moja au mbili mara nyingi hayapati nafuu. Sehemu iliyokufa usiitilie mbolea. Panda tena kitu cha muda mfupi kama msimu unaruhusu.

Nimeona pia mashamba mengi ambayo mahindi yalirudi kijani yenyewe ndani ya wiki moja baada ya udongo kukauka, bila hata punje ya mbolea. Kwa hiyo ukisubiri hupotezi chochote.

Tuje kwenye kipimo. Ekari moja inahitaji mfuko mmoja wa urea wa kilo 50, lakini baada ya mafuriko usiutie wote kwa mkupuo. Gawa mara mbili: kilo 25 udongo ukishapita mtihani wa donge, kilo 25 nyingine baada ya siku 14. Aliyepanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ana mashimo kama 9,000 kwa ekari: kila shimo lipate nusu ya kizibo cha soda kwa kila awamu. Aliyepanda 75 kwa 30, mbegu moja, ana mashimo kama 18,000: kizibo kimoja kilichosawazishwa akigawe kwa mashimo manne. Kizibo, jamani, si kiganja. Kiganja kimoja kinabeba chakula cha mashimo mengi, na hindi moja likivimbiwa majirani zake wanalala njaa.

Weka sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye shina, upande wa juu kama shamba lina mteremko, kwenye kishimo cha sentimita 5, kisha ufukie papo hapo. Usifukie mstari mzima baadaye, usirushe juu, na usidondoshee katikati ya majani ya hindi, kwa sababu utaunguza.

Kabla hujafungua mfuko, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa siku tano. Kama limetolewa hata "angalizo" la mvua kubwa kwa Morogoro, achilia mbali "tahadhari", uache mfuko umefungwa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Unachotaka ni manyunyu ya kuyeyusha mbolea iliyofukiwa, si gharika nyingine.

Mahindi yakishatoa mbelewele kabla udongo haujakauka, usitie tena. Umechelewa, na mfuko huo utakusaidia zaidi msimu ujao.

Ukiona jani jipya la katikati linatoka kijani, mambo yamekaa sawa.

Yule mama sasa nina miadi naye Jumamosi, tuchimbe mtaro wake wa upande wa mtoni kabla wingu lingine halijafunga. Aliye jirani aje na chepe, kwa sababu mtaro wa shamba moja hausaidii kitu kama wa shamba la chini yake umezibwa na mchanga.