Somo: Jinsi ya kutumia nadharia za kuzeeka kwenye mpango wa huduma ya mzee

Swali la "nadharia ipi ya kuzeeka ndiyo sahihi?" limeulizwa humu jukwaani mara nyingi sana, na kila mara najibu yaleyale. Nimeamua kuliandikia somo. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hakuna moja iliyo sahihi peke yake. Za kibaiolojia zinaeleza mwili unavyopungukiwa nguvu, za kisaikolojia zinaeleza nafsi inavyopambana na hali hiyo, za kijamii zinaangalia nafasi ya mzee kati ya watu. Muuguzi anaanza na mzee aliye mbele yake, kisha anachukua nadharia itakayomfanya aulize swali ambalo asingeliuliza. Wanafunzi wengi wanakwenda kinyume: wanachagua nadharia usiku, asubuhi wanamtafuta mzee wa kumvalisha.

Hatua ya 1. Mfahamu mtu. Jina analopenda kuitwa, kazi aliyofanya, anaishi na nani, siku yake huanza saa ngapi.

Hatua ya 2. Andika anachoweza kufanya kabla ya asichoweza: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutembea.

Hatua ya 3. Tenganisha uzee na ugonjwa. Hapa ndipo nadharia za kibaiolojia zina kazi. Denham Harman alieleza mwaka 1956 kwamba radikali huru, yaani chembe kali zinazozalishwa na mwili wenyewe, huharibu seli polepole. Mwaka 1961 Hayflick na Moorhead walionyesha kuwa seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika takriban mara 50 kisha zinakoma. Walford naye alitazama kinga ya mwili inavyodhoofika. Kitandani yote hayo yanakuambia jambo moja: akiba imepungua. Mzee aliyetulia anaweza kuonekana mzima kabisa, lakini akipata maambukizi, akikosa maji au akipewa dawa mpya, hana pa kuchota.

Ndiyo maana dalili zake hazifuati kitabu. Nimonia inaweza kuja bila homa kali, kwa hiyo joto lililopanda zaidi ya nyuzi 1 juu ya kawaida yake ni habari, hata kama kipimo hakijafika 38. Kiu nayo hupungua, hivyo usisubiri aombe maji. Na hakuna nadharia hata moja inayosema mzee aliyekuwa akizungumza vizuri jana awe hajui alipo leo. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dharura. Tafuta chanzo: maambukizi, dawa, maumivu, mkojo uliobana, choo kigumu. Ukiandika "ni uzee" umefunga mlango wa matibabu.

Kwa kazi ya kila siku mimi hushika nadharia ya Carol Miller, ambaye ni muuguzi. Anasema mabadiliko ya umri yakikutana na vihatarishi, mzee anapoteza uwezo. Mfano: anaamka usiku kwenda chooni. Macho yake yanachelewa kuzoea giza, na hilo ni la umri, huliondoi. Lakini taa iliyozimwa, ndala zinazoteleza na kidonge cha usingizi ni vihatarishi, na vyote vitatu unaweza kuvishughulikia leo jioni.

Hatua ya 4. Kabla hujaandika "amejitenga", simama. Someni hatua hii mara mbili, maana ndiyo inayoharibiwa kuliko zote.

Mwaka 1961 Cumming na Henry walitoa nadharia ya kujitenga: kwamba mzee na jamii huachana taratibu, pande zote mbili zikiridhia, na kwamba ni jambo la asili lisiloepukika. Ilipingwa karibu tangu ilipotoka, lakini bado inaishi wodini. Mzee haji tena mezani na wenzake, muuguzi anaandika "kujitenga kwa kawaida kwa umri", basi imetoka hiyo. Hakuna aliyemchungulia masikio. Nta iliyojaa sikioni inatosha kumfanya mtu aone kukaa na watu ni adhabu, maana anacheka asichokisikia na anajibu asichoulizwa. Wapo wanaobaki chumbani kwa sababu mkojo unawatoka na wanaona aibu, wenye mtoto wa jicho, wenye meno ya bandia yanayouma, waliofiwa na mwenza, na wengi wenye sonona. Sonona ya mzee mara nyingi haina machozi. Inakuja kama kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, maumivu yasiyoisha na kauli kama "msijisumbue na mimi".

ONYO: Usitumie nadharia hii kama utambuzi wa uuguzi. Kagua kwanza kusikia, kuona, maumivu, mkojo, dawa na hisia zake.
ONYO: Akisema amechoka kuishi, usimjibu kwa nadharia. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, toa taarifa mara moja.

Hatua ya 5. Chagua shughuli kutokana na maisha yake. Havighurst alishikilia kuwa anayebaki na shughuli huzeeka akiwa ameridhika zaidi. Ni kweli kwa wengi, lakini mwalimu wa hisabati mstaafu kupewa penseli za rangi apake picha za watoto hakumsaidii. Hapo mchukue Atchley na nadharia yake ya mwendelezo: watu huzeeka wakishikilia mazoea na tabia walizokuwa nazo. Chukua mwoka mikate aliyeamka saa tisa usiku maisha yake yote ya kazi. Anaamka saa tisa hata sasa, anavaa, anakaa kitandani. Faili linasema "hapati usingizi" na ameandikiwa dawa. Mtu huyu analala vizuri, ila analala mapema. Anachohitaji ni taa, kitu cha moto cha kunywa na mtu wa zamu anayejua kwamba hajachanganyikiwa.

Hatua ya 6. Asichoweza, kifidie. Baltes na Baltes waliliita jambo hili kuchagua, kuboresha na kufidia. Walimtoa kama mfano mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alipunguza idadi ya nyimbo, akazifanyia mazoezi zaidi, na akawa anapunguza kasi kabla ya sehemu za haraka ili zisikike za haraka. Mzee aliyepooza mkono mmoja anaweza kuchagua kunyoa ndevu mwenyewe na kukuachia vifungo vya shati.

Hatua ya 7. Sikiliza masimulizi yake. Erikson aliona kazi ya uzeeni ni kuyakubali maisha yako yalivyokuwa, na Robert Butler aliandika mwaka 1963 kwamba kuyapitia maisha ya nyuma ni jambo la kawaida, si dalili ya akili kudhoofika. Usilazimishe. Kuna watu wana mambo hawataki kuyafungua.

Hatua ya 8. Andika, kisha rudi upime. Si lazima jina la nadharia lionekane kwenye faili. Andika kitu mwenzako wa usiku anaweza kufanya: "Huamka saa 9 usiku, mazoea ya kazi. Washa taa, mpe kinywaji, usimrudishe kitandani. Tathmini baada ya siku 7."

Maswali karibuni.

---

Zamu_ya_Usiku: Mkuu asante, ila hujasema ipi niandike kwenye mtihani.

Mwandishi: Aya ya pili.

Zamu_ya_Usiku: Nimeisoma, ila mtihani unataka moja.

Mwandishi: Basi swali limekupa mzee. Msome huyo mzee. Akiwa amestaafu na hajui afanye nini, una nadharia ya shughuli (Havighurst) na ya mwendelezo (Atchley). Akijutia maisha yake, una Erikson. Bila kumsoma, jibu lolote litakuwa la kubahatisha.

Mama_Wawili: Samahani mwalimu, mimi si muuguzi, namtunza baba mkwe nyumbani. Kama radikali huru ndizo zinazozeesha, nimnunulie vile vidonge vya kuzipinga?

Mwandishi: Usiombe samahani dada, swali lako ni zuri kuliko mengi ya darasani. Nadharia ya Harman ilizaa biashara kubwa ya vidonge hivyo, lakini majaribio kwa watu hayajaonyesha kwamba vinaongeza umri. Kuna jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 1994: wanaume wavutaji sigara waliopewa beta-karotini, mojawapo ya vidonge hivyo, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wale ambao hawakupewa. Mpe matunda na mboga, mtembeze kila siku, na orodha ya dawa zake zote, hata za mitishamba, ipeleke kwa daktari. Hiyo orodha itamsaidia kuliko kopo lolote la vidonge.

Mkongwe_Wodini: Hapa unapotosha. Kuna wazee wanapenda upweke na wana amani. Nadharia ya kujitenga haikutoka hewani.

Mwandishi: Sijasema kila mzee lazima awe kwenye kundi. Nimesema kagua kwanza. Tornstam aliona kwamba baadhi ya watu uzeeni huhitaji ukimya zaidi, na kwao ni kukua. Carstensen naye alionyesha kuwa mtu anapohisi muda umebaki mchache hupunguza marafiki wa juujuu na kubaki na wale wa moyoni. Tofauti utaiona ukimtazama: mwenye amani bado anafurahi mjukuu akija, anakula, anajua anachopenda. Aliyezama kwenye sonona hafurahii hata yule mjukuu. Kama umekagua na ukaona ni amani, mwache na amani yake.

Mkongwe_Wodini: Hapo tumeelewana.

Bakari_Mwaka_wa_Pili: Kuna bibi mwenye dimensia, alikuwa mkunga. Kila jioni anataka kutoka, anasema kuna mama anajifungua. Tukimwambia amestaafu analia upya. Mwendelezo unasemaje hapo?

Mwandishi: Bakari, umeliona jambo ambalo wengi hulipita. Ukimwambia amestaafu, kwake ni habari mpya kila siku. Usibishane naye, na usimdanganye kwamba gari linakuja. Muulize kuhusu kazi: "Mama akichelewa kujifungua ulikuwa unafanyaje?" Mpe taulo akunje, mikono yake inakumbuka. Halafu andika muda anaoanza. Ikiwa ni saa ileile kila siku, angalia kabla ya hapo: njaa, haja ndogo, maumivu, kelele za kubadilishana zamu, mwanga unaofifia. Washa taa mapema kabla jua halijazama. Na siku akianza ghafla kuwa vibaya kuliko kawaida yake, rudi hatua ya 3 usiku huohuo.

Bakari_Mwaka_wa_Pili: Anaanza wakati wa kubadilishana zamu kweli! Watu wanavaa mabegi wanaondoka, naye anataka kuondoka.

Mwandishi: Basi umeshapata chanzo. Mabegi yachukuliwe nyuma ya pazia, na mmoja wenu akae naye nusu saa hiyo. Nijulishe ikoje baada ya wiki.

Sauti_Kubwa: Nje ya mada kidogo, wagonjwa wangu hawanisikii hata nikipiga kelele.

Mwandishi: Acha kelele. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, ndizo zinazobeba s, f na th, na ukipiga kelele sauti yako inazidi kuwa nyembamba. Shusha sauti iwe nzito, ongea polepole, uso wako uwe kwenye mwanga.

Mama_Wawili: Nami nizime redio kwanza, eti?

Mwandishi: Ndiyo dada, redio kwanza. Na kama ana kifaa cha kusaidia kusikia, kagua betri kabla ya kuanza mazungumzo.