Feni ikinguruma bila kuzunguka, usiitupe

Ndugu zangu wa Tanga, kwa joto hili la Ngamiani feni haipumziki. Yako ikianza kunguruma bila kuzunguka, mpaka uisukume mapanga ndipo iende, usikimbilie dukani. Izime, chomoa plagi, kisha izungushe kwa mkono. Ikiwa nyepesi, mara nyingi kilichochoka ni kapasita, kidude kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka, cha bei ndogo sana ukilinganisha na feni mpya. Mwambie fundi aweke yenye namba ileile ya maikrofaradi (kipimo cha kapasita, µF) iliyoandikwa kwenye ya zamani. Namba hiyo isibadilishwe kabisa. Feni ikiwa nzito kuzungusha kwa mkono, mara nyingi bushi, yaani vipete ambamo shafti ya mota huzunguka, zimekauka: zisafishwe, zitiwe matone mawili matatu ya oili ya cherehani. Na usiiache ikinguruma hivyo usiku kucha, koili, yaani nyaya zilizosokotwa ndani ya mota, inaweza kuungua.