Somo: Kuhesabu vitendo kwa Kichina (次, 遍, 趟, 下)

Tumeshazoea kwamba "vitabu viwili" kwa Kichina lazima viwe na neno la kuhesabia katikati: 两本书 (liǎng běn shū). Vitendo navyo vina maneno yake. Sisi tukisema "mara" tumemaliza. Mchina anataka pia kujua ni mara ya namna gani.

Hatua ya 1: mpangilio. Kitenzi, kisha 了 (le, kitendo kimefanyika) au 过 (guo, kimewahi kufanyika), kisha idadi, kisha neno la kuhesabia. 我去过两次 (Wǒ qùguo liǎng cì): nimewahi kwenda mara mbili. Mbili hapa ni 两, si 二.

Hatua ya 2: 次 au 遍? Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapoteleza. 次 (cì) inahesabu kwamba jambo limetokea, basi. 遍 (biàn) inadai kitendo kianze mwanzo na kifike mwisho. Soma hii:

这本书我看了三次，一遍也没看完。
Zhè běn shū wǒ kànle sān cì, yí biàn yě méi kànwán.

Yaani kitabu hiki nimekianza mara tatu, na hata mara moja sijakimaliza. Ndiyo maana mwalimu darasani husema 请再说一遍 (Qǐng zài shuō yí biàn): anataka sentensi yote upya, si kipande.

Hatua ya 3: 趟 (tàng). Ni ya safari, kwa kawaida kwenda na kurudi. Anayefuata mzigo Guangzhou atasema 我去了一趟广州 (Wǒ qùle yí tàng Guǎngzhōu): nilikwenda Guangzhou safari moja. Usiipachike kwenye kusoma au kutazama.

Hatua ya 4: 下 (xià). Huhesabu pigo la haraka: 敲了三下门, alibisha hodi mara tatu. Ila mitaani utaisikia zaidi kwenye 等一下 (děng yíxià), "subiri kidogo", ambapo haihesabu chochote, inalainisha ombi tu. Bila hiyo, 等 pekee inasikika kama amri.

Maswali ya wanakikundi

*Anayetendewa anakaa wapi?*
Nomino ya kawaida hufuata hesabu: 看了两次电影, kutazama filamu mara mbili. Kiwakilishi hutangulia: 我找过他两次 (nimewahi kumtafuta mara mbili), usiseme 找过两次他. Jina la mahali lina uhuru wake: 去过两次北京 na 去过北京两次 (kuwahi kwenda Beijing mara mbili) zote sawa.

*Na "sijawahi hata mara moja"?*
Hesabu inaruka mbele ya kitenzi: 我一次也没去过, sijawahi kwenda hata mara moja.

*"Mara ya kwanza" je?*
第一次, nayo mbele ya kitenzi: 我第一次来中国, ni mara yangu ya kwanza kuja China.

*Mbona 一 inatamkwa yí, si yī?*
Kwa sababu 次, 遍, 趟 na 下 zote ni toni ya nne, na mbele ya toni ya nne 一 hupanda kuwa toni ya pili.

*Nimesikia 骂了他一顿 (alimgombeza). Hiyo 顿 si ya chakula?*
Ndiyo hiyo hiyo. 顿 (dùn) huhesabu milo, na pia kugombezwa na kupigwa. Huyo bwana kala za uso.