Namna ya Kuandika Kazi za Kubuni Ukiwa Mwajiriwa

Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayetoka ofisini Posta jioni na kufika Mbagala usiku hana saa mbili za ziada za kukaa mezani, na anayengoja likizo ili aanze riwaya yake kwa kawaida huimalizia likizo hiyo kwenye harusi na misiba. Kwa hiyo anza kwa kuchagua utanzu unaolingana na muda ulio nao.

Shairi la kimapokeo ndilo linalomfaa zaidi msafiri wa daladala, ingawa wengi hulikimbia wakidhani ni gumu. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kila mshororo kwa kawaida una mizani (silabi) 16, yaani nane katika ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, na nane katika utao, kipande cha pili. Vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, na mizani hushikamanisha maneno kichwani, hivyo unaweza kuutunga ubeti mzima ukiwa umesimama umeshika bomba, kisha ukauandika ukishashuka. Hadithi fupi inataka kikao kisichokatizwa, nami naona alfajiri, kabla simu haijaanza kuita, ni bora kuliko usiku. Usiku uachie kusoma na kusahihisha. Riwaya nayo ni suala la hesabu tu: maneno 300 kwa siku, siku tano kwa juma, hufikia 39,000 katika miezi sita. Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi huku akiandika.

Ugumu mkubwa kuliko muda, kwa maoni yangu, ni lugha ya kazini. Mtu anayeandika “tafadhali rejea somo tajwa hapo juu” mchana kutwa huingia kwenye hadithi na kalamu ileile, akaandika: “Mama huyo alifika ofisini kwa lengo la kuwasilisha malalamiko yake kuhusu ucheleweshwaji wa mafao.” Sentensi hiyo inatoa taarifa, lakini mama mwenyewe haonekani. Ijaribu hivi: “Mama alisimama dirishani, bahasha ameibana kwapani, akangoja aulizwe shida yake.” Malalamiko hayajatajwa, lakini msomaji ameshayahisi. Unaposahihisha, tafuta “kwa lengo la”, “kuhusiana na” na “suala zima la”, uyafute yote, kisha uandike kile ambacho jicho lingeona. Ofisi hiyohiyo, hata hivyo, inakupa mali ambayo mwandishi anayejifungia nyumbani haipati: namna mteja anavyoanza kwa salamu ndefu kabla ya kuomba, au mlinzi anavyobadili sauti gari la mkurugenzi likiingia. Yaandike siku hiyohiyo katika daftari dogo, ukibadili majina na kila kitakachomtambulisha mtu, maana siri za wateja hazigeuki kuwa zako kwa kuwa umezifanya hadithi.

Soma mkataba wako wa ajira uone unasemaje kuhusu kazi za ubunifu na kazi za ziada, na usiandikie kwenye kompyuta ya mwajiri wala katika saa zake. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kazi kwa sababu tu imetungwa, hata kabla ya kusajiliwa, lakini ni vyema kuhifadhi rasimu zako zikiwa na tarehe.

Mswada ukikamilika, mpe msomaji mmoja asiyekuonea haya, kisha tafuta mashindano. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ipo pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Masharti husomwa kabla ya kuandika, kwa kuwa idadi ya maneno na tanzu zinazopokelewa hubadilika. Tuma mapema, maana siku ya mwisho ya kupokea miswada huenda ikaangukia wakati wa kufunga hesabu za mwezi kazini kwako.