Usifiche mlango nyuma ya dadu

Wewe unayeongoza mchezo wa Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kusimulia hadithi ya kubuni pamoja huku dadu ikiamua nani anafaulu, kabla hamjakaa mezani pitia maandalizi yako ujiulize: kuna kitu ambacho wachezaji wasipokiona hadithi inakwama? Kama kipo, usikirushie dadu.

Nimeshalifanya kosa hilo. Mlango wa siri nyuma ya kabati la vitabu, kipimo cha ugumu 15 (dadu ukijumlisha na nyongeza ya mhusika lazima ifike hapo), na mwenye macho makali kuliko wote alikuwa na nyongeza ya 3. Maana yake alihitaji 12 kwenda juu kwenye dadu ya pande 20, yaani asilimia 45 tu. Akapata 4. Tukazungukazunguka chumba kile nusu saa nzima, mmoja ameshatoa simu, mpaka nikabuni panya wa kuwaonyesha njia. Aibu tupu.

Siku hizi mlango nawapa bure: "Mnahisi upepo wa baridi unatoka nyuma ya kabati." Dadu kazi yake ni kuamua gharama ya kuufungua. Ikitoka vizuri, wanapenya kimyakimya. Ikitoka vibaya, wanaingia vilevile, ila kabati linaanguka kwa kishindo na walinzi wa chini wamesikia. Matokeo yote mawili yaandike mapema pembezoni mwa ramani, maana kuyabuni papo hapo saa sita usiku, watu wanakutazama, si mchezo.

Hazina ya ziada je? Hiyo ficha upendavyo. Wakiikosa, safari inaendelea.